Paka wa kuokotwa mwenye kinywa kibovu: wiki zake za kwanza nyumbani

Paka anayeumwa meno halii. Hukaa kando ya sahani, akanusa samaki kwa hamu, akang'ata mara moja, kisha akaruka nyuma akifoka kama vile sahani ndiyo iliyomng'ata. Watu wa nyumbani husema anadeka. Wanambadilishia samaki kwa nyama, nyama kwa maziwa, na siku zinakwenda. Ukimchukua paka aliyekulia Soko la Feri, Mji Mkongwe au vichochoro vya Lamu, paka aliyeishi kwa vichwa vya samaki na mifupa ya kuku, chukulia kwamba kinywa chake kina tatizo mpaka uhakikishe hakina.

Dalili za kutazama ni udenda unaonuka au wenye damu, tonge linalodondoka, kutafuna kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, na manyoya machafu kwa sababu kujilamba kunamwuma. Tazama pia miguu ya mbele: manyoya yake yakiwa yamegandana, ujue anajifuta mate kutwa nzima. Uvimbe chini ya jicho mara nyingi ni usaha wa mzizi wa gego la juu, wala si jicho linaloumwa.

Kabla ya yote, kuna tahadhari moja isiyo na mjadala. Udenda ni dalili ya kichaa cha mbwa pia, na paka huupata. Paka wa mtaani anayedondokwa na udenda huku akishindwa kumeza, akipepesuka, akishambulia ovyo au sauti ikiwa imebadilika, usimfungue kinywa. Mfungie mahali salama umwite daktari wa mifugo. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama paka ataugua.

Akiwa hana dalili hizo, mpe chumba kimoja kidogo chenye utulivu, choo chake cha mchanga, maji, na boksi la kujifichia. Mtenge na paka wengine kwa siku 14, maana virusi vya mafua ya paka husambaa kwa mate na vyombo, na baadhi yake ndivyo vinavyochangia vidonda vya kinywani. Mpime uzito siku ya kwanza: panda mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, utoe. Mizani ya jikoni ni bora zaidi kama inabeba kilo 5, kwa sababu gramu 100 kwa paka wa kilo 3 si kitu kidogo.

Kazi kubwa ya siku hizo ni kumlisha. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa aliyekuwa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta na anaweza kufa kwa hilo wakati meno yangeweza kutibiwa. Lakini aliyekaa na njaa muda mrefu asijazwe kwa pupa pia, mwili unavurugika. Siku ya kwanza mpe kama theluthi ya chakula cha kawaida, kisha ongeza kidogo kidogo hadi afikie kamili siku ya nne. Vijiko viwili au vitatu vya chai kila baada ya saa tatu au nne vinatosha kuanzia.

Chakula kiwe laini kama uji mzito, na kiwe vuguvugu, kwa sababu harufu ndiyo inayomvuta paka na chakula cha baridi hakinukii. Ukitumia chakula kikavu cha dukani, loweka kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto kwa nusu saa, uponde mpaka pasibaki kigumu hata kimoja. Kuku wa kuchemsha au jodari asagwe na maji yake. Dagaa wakavu ni wazuri ila wana mchanga na chumvi: waloweke, waoshe mara tatu, wachemshe, mwaga maji ya kwanza, kisha wasage. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Maini yasizidi mara mbili kwa wiki. Mapishi haya ni ya wiki moja au mbili tu, maana nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Baada ya hapo arudi kwenye chakula kamili cha paka, hata kama ni cha kulowekwa. Kwa joto la pwani, kilichobaki baada ya saa moja kitupwe.

Akikataa kabisa, tumia bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano. Mfunge kwa kanga au taulo miguu ikiwa ndani, ingiza ncha pembeni mwa shavu, nyuma ya chonge, na utoe nusu mililita hadi mililita moja kwa wakati. Ngoja ameze. Usimwinue kichwa juu: chakula kitaingia mapafuni. Anayetema kila unapojaribu, au aliyepitisha siku nzima bila kumeza kitu, apelekwe kwa daktari leo.

Sasa dawa, na hapa ndipo wema unapoua. Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka kahawia, na robo tu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumdhuru vibaya. Ibuprofen, diclofenac na aspirini pia zikae mbali. Mafuta ya karafuu, ambayo pwani tunayapaka kwenye jino linalouma bila kufikiri, nayo ni sumu kwake. Dawa ya maumivu ipo, lakini daktari huipima kwa uzito, na baada ya kuhakikisha paka hana upungufu wa maji, kwa kuwa figo zinaweza kuumia. Akiandikiwa antibiotiki ya doxycycline ya kidonge, mfuatishie mililita 5 au 6 za maji kila mara. Kidonge kikikwama kooni kinaunguza.

Akishakuzoea, inua mdomo wa juu kwa kidole gumba bila kufungua taya. Paka mzima ana meno 30. Ukoga wa kahawia unaonekana upesi, lakini tazama zaidi mstari mwekundu pale fizi inapokutana na jino, na tundu au doa la waridi kwenye shina la jino. Doa hilo ni jino linalojila lenyewe, wala halizibiki, hung'olewa. Wekundu mkali nyuma kabisa, taya zinapokutana, ni ugonjwa mwingine, wa fizi kuyakataa meno yenyewe. Wakati mwingine utakuta mfupa umekwama kwenye kaakaa, au mshipi wa kuvulia umezunguka chini ya ulimi. Mshipi usiuvute kamwe: ncha ya pili inaweza kuwa tumboni, na ukivuta utakata utumbo.

Kwa daktari, usikubali kukwanguliwa ukoga paka akiwa macho. Meno yatang'aa, na ugonjwa ulioko chini ya fizi utabaki. Kazi ya kweli inahitaji nusukaputi, na ikiwezekana picha ya eksirei ya mizizi. Kliniki nyingi hazina mashine hiyo; jaribu hospitali za vyuo vikuu, kama ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete au ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro. Omba pia apimwe virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka. Sindano za antibiotiki peke yake hukausha usaha kwa wiki chache, kisha unarudi. Sindano za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zinampa nafuu ya haraka, ila zikirudiwa zinaweza kumletea kisukari.

Watu huogopa kung'oa. Kwa ule ugonjwa wa fizi, kung'oa magego yote, na mara nyingine meno yote, ndiyo tiba inayowasaidia paka wengi, ingawa wachache hubaki wakihitaji dawa. Paka asiye na meno anakula vizuri, kwa sababu ulimi wake ndio unaokokota chakula na hata mwenye meno humeza vipande vizima. Mwulize daktari moja kwa moja kama mizizi yote imetoka. Kipande kilichobaki kitaendeleza usaha.

Kabla ya upasuaji fuata saa za kufunga alizokupa, maji usiyaondoe mpaka aseme. Baada yake mlaze mahali pa joto, na chakula laini kiendelee kwa siku 10 hadi 14. Mate yenye damu kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Ya siku ya tatu siyo. Meno yaliyobaki yaanze kusuguliwa fizi zikishapona, kwa kitambaa laini kilichozungushwa kidoleni na dawa ya meno ya wanyama, sekunde 30 kila upande. Fanya hivyo kila siku, kwa sababu utando wa meno hugeuka ukoga mgumu ndani ya siku chache, na ukishakuwa mgumu kitambaa hakiwezi kuutoa.