Tetrarch: kwa nini hakikupelekwa jangwani kikaishia kupanda ndege

Mkuu, umeuliza kwa nini Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa na Tetrarch, kifaru chepesi kinachokimbia kilomita 64 kwa saa, halafu wasikipeleke kumkabili Rommel, jenerali wa Wajerumani Afrika Kaskazini. Kikubwa ni upoozaji wa injini. Injini ya Meadows ya silinda 12, nguvu farasi 165, ilifungiwa nyuma na mfumo wa kupooza usioweza joto la Afrika Kaskazini.

Na kilishachelewa. Vickers-Armstrongs walikichora 1937 kwa fedha zao wenyewe. Uzalishaji unaanza 1940, Ufaransa imeshaanguka na jeshi halina tena hamu na vifaru vyepesi. Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yakapiga kiwanda Birmingham. Vilivyotoka havikufika hata 180.

Utamu wake uko kwenye usukani. Vifaru vingi hukata kona kwa kuzuia cheni ya upande mmoja, na hapo nguvu ya injini inapotea bure. Tetrarch kina magurudumu manne makubwa kila upande; dereva akizungusha usukani yanageuka na kuinama, cheni yenyewe inajipinda kufuata kona. Kona laini inakatwa bila kupoteza mwendo. Kona kali ndiyo inadai breki ya upande mmoja, kama vifaru vingine.

Udhaifu uko wazi. Deraya nene kabisa ni milimita 14. Watu ni watatu, na kwenye tureti wako wawili tu, kwa hiyo kamanda anatazama vita huku anapakia mzinga. Mzinga wa ratili 2 (milimita 40) ulikuwa wa kutoboa chuma, dhidi ya askari waliojichimbia hausaidii kitu, ndiyo maana vichache vikafungwa mzinga mfupi wa inchi 3. Madagaska, Mei 1942, Tetrarch 6 zilishuka bandari ya Diego Suarez pamoja na vifaru 6 vya Valentine, na mizinga ya milimita 75 ya Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, ikaviumiza. (Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza kutoka huku kwetu, walifika kisiwani mwezi uliofuata.)

Kilichokiokoa ni uzani: tani 7.6. Glaida ya Hamilcar, ndege ya mbao isiyo na injini inayovutwa na ndege ya mabomu ya Halifax, ilibeba karibu tani 8. Injini ya kifaru iliwashwa kungali angani, moshi ukitolewa nje kwa bomba. Glaida ikisimama, kifaru kinasogea mbele, kamba inafyatua mlango wa pua, kinatoka.

Jioni ya tarehe 6 Juni 1944 vikaruka 20 kwenda Normandia. Kimoja kilitumbukia baharini na wafanyakazi wake wote. Vichache viliharibika wakati wa kutua, na karibu vyote vilivyobaki vikanaswa na kitu ambacho hakuna aliyekipigia hesabu: uwanja ulitapakaa miavuli ya askari waliotangulia. Kamba zake zilijizungusha kwenye magurudumu, zikakaza kila kifaru kikisogea, hadi kikagoma kabisa na ikabidi kamba zikatwe. Agosti vifaru vya Cromwell vikachukua nafasi ya Tetrarch nyingi.

Kingine: majaribio ya kwanza ya kifaru kinachoelea kwa pazia la turubai, 1941, yalifanywa kwa Tetrarch, kabla ya Sherman, kifaru cha Wamarekani. Ukifika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, kipo kimoja. Inama uangalie viungo vya magurudumu.