Tangazo linaanza, silabi ya kwanza imeliwa

Swali: Tumeanza kurusha vipindi vya TV kwa otomesheni, yaani programu inayorusha yenyewe kwa kufuata orodha. Vipindi virefu havina shida, lakini matangazo ya biashara huanza yamekatwa: "Karibu" inasikika "ribu". Nikifungua faili kwenye kompyuta, ni zima. Seva, mashine inayocheza klipu, nimeizima na kuiwasha mara kadhaa. Ninunue nyingine?

Jibu: Usinunue kitu bado. Na nashuku kwamba hata vipindi virefu vinakatwa vilevile, ila vinafunguliwa na muziki au weusi kidogo, kwa hiyo hakuna anayegundua.

Otomesheni haigusi picha. Kazi yake ni kutoa amri: seva icheze, swicha (kifaa kinachochagua picha ya kwenda hewani) ihamie kwenye seva. Kila kifaa kina muda wake kati ya kupokea amri na kuitekeleza. Seva inayoongozwa kwa VDCP (lugha ya amri za kuongoza seva za video), kwa mfano, huandaa klipu kwanza, kisha ikiambiwa "cheza" huanza baada ya fremu kadhaa, yaani picha mojamoja zinazounda video. Ndiyo maana otomesheni huituma amri hiyo mapema kidogo. Ikituma mapema mno, klipu inaanza kukimbia wakati hewani bado kuna kipindi kilichotangulia. Swicha inapohamia, "Ka" imeshapita. Ingechelewa, ungeona weusi au picha iliyoganda kabla ya tangazo.

Pima, usikisie. Tengeneza klipu yenye namba ya fremu iliyoandikwa kwenye picha, fremu ya kwanza ikiwa 0. Iweke kwenye orodha kama tangazo la kawaida, rekodi kinachotoka baada ya swicha, halafu itazame rekodi hiyo fremu moja moja. Ukikuta namba ya kwanza kuonekana ni 6, umepoteza fremu sita. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ni milisekunde 40, kwa hiyo ni milisekunde 240, zinazotosha kabisa kumeza silabi. Ingia kwenye mipangilio ya seva ndani ya otomesheni, punguza fremu sita kwenye muda wa kutangulia, upime tena.

Rudia jaribio mara kumi hivi. Namba ikiwa ileile kila mara, marekebisho hayo yanatosha. Ikirukaruka kati ya 5 na 6, amri inafika karibu na mpaka wa fremu, au kifaa kimojawapo hakipati sinki ya kituo, yaani ishara inayofanya vifaa vyote viende pamoja. Fuata kebo ya sinki hadi mwisho wake kabla hujagusa programu.

Likikatwa tangazo moja tu na mengine ni salama, achana na haya yote: angalia taimukodi ya mwanzo (alama ya muda inayoonyesha klipu inaanzia wapi) iliyoandikwa kwenye hifadhidata. Mara nyingi aliyeingiza klipu ameweka alama sekunde moja mbele. Na kama picha ni kamili ila sauti ndiyo inaliwa, tazama aina ya mpito, yaani namna swicha inavyohama, kwenye orodha. Nimewahi kuhangaika nusu siku na seva isiyo na kosa, kumbe swicha ilikuwa inapandisha sauti taratibu badala ya kukata moja kwa moja.

Ukimaliza, pima pia njia ya akiba. Swicha yake ina ucheleweshaji wake, na thamani uliyoipata kwenye njia kuu huenda isiifae.