Mkono ni "hand" au "arm"? Kwa mnaoanza uuguzi

Wadogo zangu mnaoingia chuo cha uuguzi, mgonjwa wenu atajieleza kwa Kiswahili, na faili lake mtaliandika kwa Kiingereza. Hapo katikati ndipo mambo hupotea.

Wiki yangu ya kwanza wodini mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mkono unaniuma." Nikaandika "pain in the right hand". Akapelekwa eksirei, akapigwa picha ya kiganja. Aliporudi ndipo alipotuonyesha panapouma: juu ya kiwiko. Akapanga foleni upya na maumivu yaleyale. Tangu siku hiyo siandiki jina la kiungo kabla mgonjwa hajapagusa mahali penyewe.

"Hand" ni kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole. Kutoka kifundo hadi kiwiko ni "forearm", na kutoka kiwiko hadi begani ni "upper arm". Kwa mazungumzo ya kawaida, hizo mbili pamoja ndizo "arm". Mguuni, chini ya kifundo ni "foot". Ila angalieni "leg": Mwingereza wa mtaani akiitaja ana maana ya mguu mzima, lakini kwenye anatomia ni kutoka goti hadi kifundo tu, kwa sababu paja lina jina lake, "thigh". Vidole vya mkono ni "fingers", vya mguu ni "toes".

Neno linalostahili muda wenu zaidi ni dalili. Kiswahili kinalo hilo moja, wao wanayo mawili. "Symptom" ni kile mgonjwa anachokihisi na kukueleza: kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu. "Sign" ni kile unachokiona, unachokigusa au unachokipima wewe: upele, macho ya manjano, nyuzi 39 kwenye kipimajoto. Mgonjwa akisema mwili unamchemka, hiyo ni "symptom". Pima kwanza, ukikuta 39 ndipo umepata "sign". Ukiyachanganya, daktari anayesoma faili usiku wewe ukiwa umeshatoka zamu hatajua kipi umekithibitisha na kipi umesimuliwa.

Kuungua nako kuna mawili. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto ana "scald", yaani ameunguzwa na kimiminika au mvuke. Aliyeshika pasi ana "burn". Ukiandika "burn" kwa wote wawili hujakosea, kwa kuwa "scald" ni aina mojawapo ya "burn", lakini umemnyima daktari habari ya chanzo.

Daftari lako la maneno usiligawe safu mbili, Kiswahili huku na Kiingereza kule. Mimi ukurasa wa mkono niliuchorea mkono mzima, nikaandika majina pembeni kwa mishale. Na swali ninalomuuliza kila mgonjwa kabla ya kushika kalamu ni hili: "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja, panauma zaidi wapi?"