Nipo peke yangu kisiwani, kundi la wenzangu litanisaidia nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani namsaidia mtu aliyeumia au kuugua aweze shughuli zake za kila siku; huu ni mwaka wa pili nipo Ukerewe, na sina mwenzangu wa fani hii karibu. Wengi ninaowahudumia ni akina mama wa dagaa wenye maumivu ya kiuno. Natamani kuwafikia hukohuko mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshusha dagaa, kabla hawajaumia, lakini nilizoea kumhudumia mgonjwa aliyekwishafika. Nimo kwenye kundi la WhatsApp la wanataaluma wenzangu, ila nasoma tu, siandiki. Lina msaada kwa kazi kama hii, au nibane bando langu?
Msomaji, Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bando usilibane. Andika, tena wiki hii hii.

Nikueleze yaliyonipata. Miaka michache nyuma nilikuwa nikishuka mwaloni upande huu wa Mwanza kila Jumamosi, nawafundisha akina mama wapige magoti badala ya kuinama wanapoanika dagaa mchangani. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa na ndoo nikalie. Jumamosi iliyofuata nikawakuta wameinama vilevile. Iliniuma. Usiku nikaandika kundini: nawaambia wasiiname, wanaendelea kuinama, nakosea wapi?

Mwenzangu mmoja aliyewahi kufanya kazi Kigoma hakunishauri kitu. Aliniuliza. Dagaa wanamwagwa saa ngapi? Wanageuzwa mara ngapi? Mvua ikitishia, nani anawakusanya? Nilishindwa hata swali moja, mimi niliyedhani nawajua akina mama wale. Basi nikarudi alfajiri, mitumbwi ya taa ikiingia, nikakaa mpaka jioni. Kumwaga dagaa ni kazi ya muda mfupi. Kinachoumiza ni kuwageuza juani, kuwazoa mbiombio wingu likitanda, kisha kuwapembua mchanga. Na mchanga ndio uliowakera wenyewe, maana unashusha bei. Kiuno hakuna aliyekitaja hadi nilipouliza.

Yule wa Kigoma akatuma picha ya kichanja: nguzo za miti, juu umetandazwa wavu. Upepo unapita chini, dagaa wanakauka upesi, mchanga hawaushiki. Nilipowaonyesha, mama mmoja akaniambia, "Hiki kingetuokoa na wanunuzi." Walikijenga kwa ajili ya bei, na kuinama kukapungua humohumo.

Mkataba wa Ottawa wa 1986, ule wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kukuza afya, ulisema afya hutengenezwa na watu pale wanapoishi maisha yao ya kila siku, wanapojifunza, wanapofanya kazi, wanapocheza na kupendana. Fani yetu, ambayo shirikisho lake la dunia lilianzishwa 1952, imesimama juu ya shughuli za mtu za kila siku. Kwa hiyo ukishuka mwaloni hujatoka nje ya kazi yako, mwanangu. Umeifuata ilipo.

Sasa kundi. Usiulize "nifanyeje kuhusu maumivu ya kiuno", utajibiwa yaleyale ya darasani. Eleza shughuli moja, hatua kwa hatua, kwa sauti ya dakika mbili. Mtandao wa kisiwani utaibeba vizuri kuliko video. Jibu zuri liandike kwenye daftari siku hiyohiyo, kwani kesho litakuwa limezama chini ya salamu na matangazo ya misiba.

Picha ya mgonjwa usiitume kamwe, hata ukikata uso. Nansio watu wanajuana, kitenge tu kinatosha kumtambulisha mtu. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Piga picha wavu, ndoo, gunia, nguzo. Na tarehe 27 Oktoba, Siku ya Tiba kwa Vitendo Duniani, waombe wenzako mipango ya shughuli walizofanya kwao, uone ipi inafaa mwaloni.

Mkifika kwenye kujenga, kimo cha kichanja msikichukue kwenye picha ya mtu. Waite akina mama watatu, mfupi, wa wastani na mrefu, wasimame wima wakiwa wamekunja viwiko. Juu ya kichanja pawe chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja hivi. Mkilazimika kuchagua kimo kimoja, mfuateni yule anayegeuza dagaa muda mrefu zaidi. Upana nao uwe wa kuufikia kwa mkono kutoka pande zote mbili, asiwepo wa kulalia wavu ili aguse katikati.