Ukitafuta chuma kwenye bustani ya jiji, chimba hadi wapi?

Swali: Salamu mwalimu. Nimenunua mashine ya kutafuta chuma ardhini, ya mtumba lakini nzima. Jumapili niliipitisha kwenye nyasi za bustani moja hapa jijini, ikalia, nikachimba kwa jembe dogo mara mbili hivi. Askari akanifukuza akisema naharibu bustani, ilhali mashimo nilikuwa nimeyafukia. Kwani nimekosa wapi? Na kama kuna njia ya kuchimba inayokubalika, shimo liwe na kina gani na nilifunge vipi? Msomaji, South B.

Jibu: Ndugu yangu, askari hakukuonea. Kufukia shimo ni jambo moja, kurudisha nyasi zikaishi ni jingine, na jembe halikupi nafasi ya kufanya hilo la pili. Lakini hata ungekuwa na kifaa sahihi, ulihitaji ruhusa kwanza, kwa hiyo nianze hapo.

Bustani za jiji kama Uhuru Park na Jeevanjee ziko chini ya Kaunti ya Nairobi. Andika barua kwa afisi ya kaunti inayosimamia bustani, ueleze mashine yako, sehemu unayotaka kutafuta, siku na saa. Ukijibiwa, chapisha hiyo barua utembee nayo. Jiji hili limeumizwa na mashambulizi, na mtu aliyeinama na mashine inayolia katikati ya watu lazima aulizwe. Askari akija, zima mashine, simama, msalimie, mpe barua asome. Karura na Arboretum ziko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, huko ruhusa ni yao. Mbuga ya Taifa ya Nairobi isahau kabisa.

Kuna mahali pengine ambapo singekushauri hata uombe. Uhuru Gardens ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Ndani ya City Park kuna makaburi, yakiwemo ya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, na Pio Gama Pinto, mpigania uhuru. Ardhi ya namna hiyo haichimbwi na mtu anayejiburudisha, awe na ustadi gani.

Sasa kina. Kazi yangu ni uchimbuaji wa akiolojia, na nitakupa kipimo ninachokiamini: usipite kina cha mizizi ya nyasi na udongo wa juu uliokwisha kuvurugwa. Kwenye bustani nyingi hapo ni kama sentimita 10, mahali pengine 15. Pete iliyodondoka, funguo, sarafu za juzi na jana, vyote hukaa humo. Mashine nzuri inaweza kusikia sarafu iliyo chini zaidi, na hapo ndipo watu hupotea: mlio unawavuta, shimo linazidi kwenda chini. Udongo ukibadilika rangi ghafla au ukawa mgumu, umeshikana kana kwamba haujawahi kuguswa, simama na ufunge. Umefika mahali ambapo kila tabaka lina mpangilio wake, na mpangilio huo ukivurugwa hakuna mtaalamu atakayeweza kuurudisha.

Watu wengi hawalifikirii jambo hili kwa sababu mashine hailii kwa jiwe wala kwa kigae cha chungu. Kabla reli haijafika mwaka 1899 na jiji kuanza, watu walikuwa wameishi na kupita kwenye nyanda hizi kwa maelfu ya miaka. Walitumia lile jiwe jeusi linalong'aa, obsidiani, linalotoka upande wa Naivasha, wakilichonga visu na vikwaruzio. Unafuata kizibo cha soda, na jembe lako linapita katikati ya vitu hivyo bila wewe kujua. Ukiona kwenye udongo wako kipande cheusi chenye ukingo mkali, au vigae, au mfupa, acha kuchimba. Piga picha mahali palipo, weka alama, funga taratibu, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vilivyo ardhini ni mali ya Serikali. Kuvitafuta makusudi kunahitaji leseni, na ukikuta kitu cha kiakiolojia kwa bahati unatakiwa kuripoti ndani ya siku saba, ukionyesha mahali hasa ulipokikuta. Utaniambia kwamba Nairobi yenyewe haina umri huo. Kweli, vingi utakavyoona ni senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, na shilingi zetu zilizoanza kutolewa mwaka 1966. Lakini rupia ilitumika hapa hadi 1920, na ukiokota yenye sura ya Malkia Victoria, iliingia nchini lini? Hilo halisomeki usoni mwa sarafu. Wapelekee Makumbusho waamue, na usiisugue ing'ae. Kusugua kunafuta maandishi na alama wanazohitaji kuona.

Tuje kwenye kukata, kwa sababu hapa ndipo bustani inapopona au kuharibika. Jembe liache nyumbani. Nunua kisu kinene cha bustani chenye ubapa mrefu, kipande cha turubai au gunia safi, na chupa ya maji ya lita moja. Kikiwepo kile kitafutio kidogo cha mkononi cha kuonyesha mahali hasa, nunua pia, kitapunguza ukubwa wa mashimo yako kuliko kitu kingine chochote. Kwanza thibitisha mlio: pitisha mashine kutoka kaskazini kwenda kusini, kisha mashariki kwenda magharibi. Mistari miwili inapokutana ndipo kitu kilipo. Mlio ukisikika upande mmoja tu na kupotea upande mwingine, mara nyingi ni msumari au kipande cha bati. Usikate nyasi kwa ajili yake.

Tandika turubai karibu kabisa na mahali hapo. Piga magoti, shindilia kisu wima, usikilaze, ukate pande tatu za mraba wenye upana wa kiganja. Upande wa nne usiuguse. Sasa ingiza kisu chini ya mizizi na ufunue bonge hilo kama mlango kwenye bawaba. Mizizi ya upande wa nne ikibaki imeshika, nyasi zinaendelea kunywa maji, na mashine ya kukatia nyasi haitaling'oa bonge siku inayofuata. Udongo wote uliolegea uweke juu ya turubai, hata konzi ya mwisho, usiutupe kwenye nyasi. Ukishatoa kitu, pima shimo tena kwa mashine, maana chini ya kimoja huweza kuwa na cha pili, na hutaki kufungua kidonda hicho mara mbili. Mimina udongo wa turubai ndani, rudisha bonge, libonyeze kwa viganja mpaka liwe sawa na nyasi za jirani, kisha mwagia maji. Hewa ikibaki chini ya mizizi, bonge hukauka na kugeuka manjano ndani ya siku chache. Naamini hicho ndicho kilichoyapata mashimo yako, hata kama uliyafukia vizuri.

Nyasi za Kikuyu zinasamehe mengi, kwa kuwa hutambaa juu na chini ya udongo na kuziba pengo haraka, lakini zinasamehe wakati wa mvua. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, unaweza kukata. Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka, usikate kabisa. Okota vya juu tu kwa ncha ya bisibisi butu, ukikiinua kitu bila kufungua nyasi. Udongo mweusi wa upande wa Lang'ata una shida yake: ukikauka hupasuka, ukiloa hunata na kutoka mabonge mazito, kwa hiyo subiri siku mbili tatu baada ya mvua. Udongo mwekundu wa kaskazini na magharibi ya jiji una chuma kingi, mashine italia ovyo mpaka uirekebishe ilingane na ardhi. Usichimbe chochote kabla ya kufanya hivyo. Chini ya matawi ya mti, jiepushe. Mizizi inayolisha mti iko juu juu pale pale. Ukikutana na bomba au waya, funga na umwambie msimamizi wa bustani.

Ukiona risasi au kitu chenye umbo la bomu, usikiguse, usikipige picha kwa karibu. Waondoe watu na upige 999 au 112. Hata risasi moja mfukoni bila cheti inakuingiza kwenye kesi.

Vizibo, vipande vya foili na misumari utakavyotoa, ondoka navyo. Vaa glavu, kuna vioo na sindano. Pete yenye jina au kitambulisho kipeleke kwa msimamizi wa bustani au polisi. Kwa Kanuni ya Adhabu, kuokota kilichopotea na kukifanya chako kunaweza kuhesabiwa wizi kama mwenyewe angeweza kupatikana.

Nataka uelewe kwa nini ninasisitiza hivi juu ya nyasi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa hadharani, na hakurudi nyuma. Mtu wa Nairobi asiye na uwanja nyumbani anakaa bure kwenye nyasi hizo na watoto wake. Shimo lililoachwa wazi linavunja mguu wa mtoto huyo.

Kabla ya kuandika barua, tafuta mwenye ploti akuruhusu kujifunza. Zika sarafu zako mwenyewe, moja sentimita 5, nyingine 10, nyingine 15, uache mvua ipige, kisha uzitafute na kuzitoa. Rudi baada ya wiki mbili uangalie nyasi. Kama bado unaona mraba wa manjano, kata tena, safari hii bonge liwe nene zaidi na maji yawe mengi zaidi, mpaka usiweze kupatambua mahali ulipochimba.