Thibitisha au idhinisha? Na wakala ni "ame-" au "ime-"?

SWALI: Ofisini tunaandika kwa Kiswahili mtiririko wa malipo. Programu, ambayo tunaiita wakala, hupokea ankara na kuilinganisha na hati ya ununuzi, kisha meneja huruhusu fedha zitoke. Mwenzangu ameandika: "Wakala akithibitisha, meneja athibitishe." Mimi naona kuna kasoro. Tutumie kitenzi kipi? Na hiyo programu, ni wakala "amelinganisha" au "imelinganisha"?

JIBU: Nianze na la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza. Wakala wa pesa mtaani ni mtu: amefunga kibanda. Wakala wa Barabara ni taasisi, nayo magazeti ya Tanzania huandika "Wakala umeanza ujenzi". Programu si huyu wala ule. Iiteni programu wakala, upatanisho ufuate neno programu: programu wakala imelinganisha, programu wakala zimelinganisha.

Hapo Kiswahili kinawapa kitu cha thamani kubwa. Someni: "Imelinganisha. Ameidhinisha." Mtenda hajatajwa, lakini msomaji ameshajua kwamba la kwanza ni la mashine na la pili ni la binadamu. Mkiandika "wakala amelinganisha", mmeifuta alama hiyo kwa mkono wenu.

Sasa kitenzi. Thibitisha imetokana na thabiti: ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli, halina shaka. Hilo programu inaliweza, kwa mfano kwamba kiasi cha kwenye ankara ndicho kilichoagizwa. Idhinisha ni kutoa idhini, na idhini ni ya mwenye mamlaka, anayeweza pia kuinyima na atakayeulizwa mambo yakiharibika. Kubali ni pana mno kwa kazi hii. Kwa hiyo: "Programu wakala ikishathibitisha kiasi, meneja aidhinishe malipo."

Na kwa kuwa mnaeleza hali inayotakiwa, si kuamrisha hatua moja moja, hu- na -ki- zitawafaa sana: "Malipo hutoka yakiwa yameidhinishwa na meneja." Nawasihi, msiyakate hayo maneno mawili ya mwisho. Kauli ya kutendwa humficha mtenda: katika "yameidhinishwa", ya- ni ya malipo, na mkaguzi atakayesoma kumbukumbu mwakani hatajua kama aliyeruhusu ni mtu au ni programu.

Sharti la kuchelewa nalo liandikeni hivyo hivyo: "Meneja asipoidhinisha ndani ya siku 2, programu wakala humkumbusha, haiidhinishi kwa niaba yake."