Umealikwa kuwinda fezanti? Uliza kwanza wakizidi analipa nani

Mkuu, weka kando habari ya koti. Umeuliza uvae nini, kama unahitaji kibali cha bunduki, yule mtunza ndege wa shamba apewe bahshishi kiasi gani, na wewe Mwislamu ufanyeje na nyama watakayokupa. Halafu chini kabisa, kama jambo dogo, umeandika: "Bosi kasema kila kitu kimeshalipwa." Hapo ndipo chai iliponipalia.

Kimelipwa mpaka ndege wa ngapi?

Huku Uingereza fezanti, ndege wa jamii ya kuku, hawindwi kama swala. Wengi hufugwa, huachiwa msituni kiangazi, na kati ya tarehe 1 Oktoba na 1 Februari mwenye shamba anauza siku ya kuwinda kwa idadi ya ndege. Wenye bunduki, mara nyingi wanane, mnapangwa kwenye vigingi vyenye namba. Wafukuzaji wanatokea upande wa pili wa msitu wakigonga miti kwa fimbo na kupepea bendera, ndege wanaruka juu ya vichwa vyenu. Kila anayeokotwa anahesabiwa.

Siku yangu ilikuwa ya ndege 200, pauni 45 kila mmoja, juu yake VAT asilimia 20. Jumla pauni 10,800. Na zililipwa kweli, na kampuni ya Mbongo mwenzetu mmoja, wale wa kujipiga picha na kofia ya sufu na mbwa asiye wake. "Njoo na buti tu, mwanangu." Buti tu!

Kufika mchana tulikuwa tumeshaangusha 190. Tumekaa ghalani, pai ya nyama inafuka mvuke, kila mtu tope hadi magotini. Mzee aliyekuwa anasimamia siku, tai ya kijani shingoni, akasimama akauliza kwa upole kabisa kama tungependa misako miwili mingine, yaani ndege wafukuzwe tena mara mbili. Wenzangu wakaitikia. Nami, mdomo umejaa viazi, nikatikisa kichwa. Sasa mwenyeji akikuuliza kama uongezewe, unakataaje?

Tulimaliza na ndege 261. Wale 61 wa ziada hawakuwamo kwenye malipo ya kampuni: pauni 2,745, ukiweka VAT 3,294, gawa kwa watu wanane. Jumatatu nipo kazini, ujumbe ukaingia: "Mwanangu, mzigo wako huu, 411.75." Na namba ya akaunti. Na kiemoji cha ndege.

Usifikiri unalipia ulichopiga wewe. Mnagawana sawa. Mimi siku nzima niliangusha wawili, na mmoja wao jirani yangu wa kigingi anaapa ni wake. Kwa hela ile ningewalisha pilau ya kuku mtaa mzima Mbagala na soda juu.

Na jamaa alijua! Anaenda huko kila msimu. Nilipomuuliza akaniambia, "Nilidhani unafahamu, haya ni mambo ya kiungwana." Uungwana gani unaokuja na namba ya akaunti? Yule mzee wa tai simlaumu hata kidogo, yeye aliuliza mbele ya watu wote. Huyu wa kwetu ndiye aliyekuwa ameketi pembeni yangu, akaniona natikisa kichwa, akanisogezea mchuzi.

Kwa hiyo usiku huu mwandikie bosi wako: siku ni ya ndege wangapi, na wakizidi analipa nani? Yaandike, usimpigie simu. Yapo mashamba yanayosamehe kiasi fulani cha ziada kabla ya kuanza kutoza, yapo yasiyosamehe hata mmoja. Akikuona mshamba, potelea mbali, bora mshamba mwenye hela yake mfukoni. Na mkiulizwa mezani kama muendelee, weka uma chini, meza chakula, sema: kwa bei gani?

Nguo: rangi ya majani makavu, buti za mpira, soksi nzito. Jezi ya Simba ibaki nyumbani. Kama huna cheti cha polisi cha shotigani, unaweza kuazimwa bunduki palepale shambani anayekuazima akiwa nawe, ila waambie mapema, si asubuhi hiyo. Na usimfyatulie ndege ambaye nyuma yake huoni mbingu, maana kwenye vichaka vile kuna watu na mbwa.

Tena kama shida yako ni kuona tu, omba uende na wafukuzaji. Wanatembea, wanakula, wanapewa posho, na jioni mara nyingi wanaondoka na ndege wawili. Siku ile wao ndio walioondoka pale na hela.

Jamaa kanialika tena mwezi huu. Nimemrudishia swali lile lile la ndege wa ziada. Tiki mbili za bluu tangu Jumanne.